Barua kwa Bi Mwalimu: Shemeji yuko Doha, matusi yamenikuta Dundee

Shikamoo Bi Mwalimu. Mimi ni Mkenya wa Malindi. Huu ni mwaka wangu wa sita hapa Dundee, Uskoti, na kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao. Mume wangu ana mdogo wake yuko Doha. Uskoti hajaikanyaga hata siku moja, lakini tangu mwaka jana amejigeuza mpiganaji wa uhuru wa Uskoti. Kutwa yuko X, iliyokuwa Twitter, anabishana na watu asiowajua, na jioni anatuletea ubishi huo kwenye kundi la WhatsApp la familia: eti Uskoti ni koloni kama ilivyokuwa Kenya, na Mwafrika asiyeunga mkono uhuru wa mwenzake amesahau alikotoka. Nilimjibu mara moja tu. Nilisema wazee ninaowahudumia wanahofia pensheni zao, na mimi mwenyewe bado sijajua nisimame wapi. Akaupiga picha ya skrini ujumbe wangu, akaurusha X, jina langu la kwanza na mji ninaoishi vikionekana. Kabla ya adhuhuri ya kesho yake nilishatukanwa na pande zote mbili. Wapenda uhuru waliniita kibaraka wa London. Wapenda Muungano, wanaotaka Uskoti ibaki na England, ambao nilidhani maneno yangu yamewafaa, wakaniambia nirudi kwetu, hii si nchi yangu. Mume wangu anasema ninyamaze, yatapita. Je, nimjibu shemeji? Ni kweli Uskoti ni koloni? Na mimi mgeni, nina haki gani ya kulisemea jambo hili?

— Mhudumu, Dundee

Marahaba, mwanangu. Nianze na la haraka. Waliokuambia urudi kwenu, wapige picha ya skrini kabla hawajafuta, kisha upige namba 101 ya Polisi ya Uskoti. Hao si wa kujibiwa, ni wa kuripotiwa. Halafu ile picha ya ujumbe wako ifutwe leo, na wa kumwambia shemeji aifute si wewe, ni mumeo. Ndiye kaka mtu. “Nyamaza, yatapita” ni maneno ya mtu aliyeketi kwenye kochi. Achukue simu, ampigie mdogo wake, na asimwandikie kwenye kundi ambako shangazi zake wote watasoma na kila mmoja ataongeza lake.

Sasa tukae tuzungumze, maana maswali yako mengine yamenigusa pabaya.

Mimi niliishi Glasgow miaka kumi na mitano, tangu 2001 hadi 2016. Nilimfuata marehemu mume wangu aliyekwenda kusoma, nikaishia kuwaogesha wazee wa Kiskoti, mimi niliyekuwa nafundisha ngeli hapa Tanga. Kwa hiyo kazi yako naijua, na hofu ya hao wazee wako naijua. Mwaka 2014 niliisikia kila asubuhi, kati ya uji na vidonge. Bibi mmoja alikuwa akinishika mkono wenye kijiko na kuniuliza, “Watanikata pensheni, binti?” Mimi ndiye binti, nina miaka hamsini na mbili.

Kura ilipigwa tarehe 18 Septemba 2014, Alhamisi. Swali lilikuwa moja tu, fupi: Je, Uskoti iwe nchi huru? Waliojitokeza walikuwa asilimia 84.6 ya walioandikishwa, kiasi ambacho hata chaguzi zao za wabunge hazikifikii. Hapana ilipata asilimia 55.3 na Ndiyo 44.7. Kati ya halmashauri 32 ni nne tu zilizosema Ndiyo, na mji wako Dundee ndio uliotia fora kwa zaidi ya asilimia 57. Glasgow yangu nayo ilisema Ndiyo. Kwa hiyo ukisikia wenyeji wa Dundee wanasema kwa ukali kidogo, jua unaishi mahali ambapo wengi walipiga kura ya kuondoka halafu wakaamka asubuhi wako palepale.

Mimi nilipiga kura hiyo nikiwa na pasipoti ya Tanzania mkobani. Sikuiba. Sheria yao ilisema mpiga kura ni mtu anayeishi Uskoti, kuanzia miaka 16, awe raia wa Uingereza, au wa Umoja wa Ulaya, au wa nchi ya Jumuiya ya Madola mwenye kibali cha kukaa. Damu haikuulizwa. Mskoti wa kuzaliwa, wa baba na mama na babu, aliyekuwa amehamia London, hakuwa na kura. Mimi wa Tanga nilikuwa nayo. Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wao walinipa penseli, imefungwa kwa kamba ili nisiondoke nayo.

Nawe ni vivyo hivyo. Kenya imo katika Jumuiya ya Madola, na sheria ya mwaka 2020 ya Bunge la Uskoti imepanua zaidi: mgeni wa nchi yoyote mwenye kibali halali, hata mkimbizi, anapiga kura za Bunge lao na za halmashauri. Aliyekuambia hii si nchi yako, sheria ya nchi hiyo haikubaliani naye. Na kama anataka mifano mikubwa, tangu Machi 2023 hadi Mei 2024 Waziri Kiongozi wa Uskoti alikuwa Humza Yousaf, ambaye baba yake alizaliwa Pakistan na mama yake alizaliwa Nairobi. Nairobi, mwanangu. Tena akiongoza chama hichohicho cha wapenda uhuru.

Kwa hiyo ule mtindo wangu wa kuwapima watu wa mtandaoni niliupata mwaka ule, na nimeubakisha hadi leo. Mtu akinijia na ubishi wa Uskoti, simuulizi ni Ndiyo au Hapana. Namuuliza, analala wapi? Yaani siku matokeo yakitangazwa, asubuhi yake, ataamkia kitanda gani, atanunua mkate kwa fedha gani, na atakutana na nani kwenye ngazi.

Ukipima hivyo, utashangaa. Sean Connery, mwigizaji, alikuwa mpenda uhuru mkubwa na alilala Bahamas. Kura hakuwa nayo. Andy Murray, mcheza tenisi, asubuhi ileile ya kura aliandika Twitter maneno machache ya kuelekea Ndiyo. Akaporomoshewa matusi ambayo nikiyakumbuka mwili unanisisimka; mmoja alimwandikia kwamba afadhali angeuawa katika yale mauaji ya watoto ya Dunblane mwaka 1996, shule ambayo Murray mwenyewe alikuwa mwanafunzi. Naye kura hakuwa nayo, alikuwa akiishi England. Upande wa pili, J.K. Rowling, mwandishi wa vitabu vya Harry Potter, huyo alilala Edinburgh. Juni 2014 aliipa kampeni ya Hapana pauni milioni 1, akaeleza sababu zake kwa adabu, akatukanwa hadi magazeti yakachoka kuyanakili. Watukanaji wa upande wa uhuru walishabatizwa jina, ‘saibanati’. Wale wa upande wa Muungano hawakupewa jina lililoshika namna ile, na hapo ndipo wapenda uhuru walipolalamika, nami naona walikuwa na haki: matusi yalikuwa ya pande mbili, jina likawa la upande mmoja.

Na wengine hawalali popote. Juni 2025, Israel ilipoishambulia Iran na intaneti ya huko ikakatika, iliripotiwa kwamba akaunti kadhaa za X zilizojifanya Waskoti wapenda uhuru wa kufa na kupona zilinyamaza ghafla. Picha za wasichana wekundu wa nywele, majina ya Kiskoti kabisa. Sisemi wapenda uhuru ni wa kutengenezwa; wale milioni 1.6 waliopiga Ndiyo niliwaona kwa macho wamepanga foleni. Nasema tu kwamba huyo aliyekuita kibaraka wa London, usimkoseshee usingizi wako. Huenda hana kitanda.

Walio na vitanda nao ni mtihani wa peke yake. Nikusimulie.

Tulikaa Govanhill, kusini mwa Glasgow, katika yale majengo yao ya mawe: ghorofa nne, nyumba nane, ngazi moja, ukutani vigae vya kijani. Chini kabisa aliishi bibi mjane, marehemu mumewe alikuwa fundi wa meli kwenye gati za mto Clyde. Dirishani alibandika “La, asante”, karatasi ndogo ya kiungwana. Ghorofa ya tatu, mkabala na mlango wangu, aliishi kijana mwenye bango la Ndiyo la bluu lililoziba dirisha zima mpaka nikawa namuuliza anapataje mwanga. Kijana mpole. Kila Jumatatu alimbebea yule bibi mifuko ya sokoni. Walitaniana kwenye ngazi, wakagombania zamu ya kupiga deki, basi.

Baada ya matokeo, uchunguzi wa maoni mmoja ulionyesha kwamba wazee wa zaidi ya miaka 65 walipiga Hapana kwa wingi mkubwa. Mtandaoni kukawaka: wazee wametuuza, wazee wametuibia. Mwenzangu wa kazini akanionyesha akaunti moja isiyo na jina la mtu, imeandika inatamani baridi ya mwaka ule iwamalize wote. Nikashuka chini kidogo kwenye akaunti ile. Kulikuwa na picha ya siku ya kura: mkono umeshika beji ya Ndiyo, nyuma vigae vya kijani, na pembeni, mlangoni, kandambili zangu za bluu. Nimetoka nazo Tanga.

Nikakaanga maandazi, nikagonga mlango wake. Nikamwambia, mwanangu, Kiingereza chenu cha mtandaoni kinanishinda, hebu nisomee hapa kwa sauti. Akaanza kusoma. Alipofika kwenye baridi akasimama, masikio mekundu kama pilipili hoho. Akauliza nimejuaje. Nikamwonyesha kandambili.

Ungependa nikuambie aliifuta. Hakuifuta, alinizuia nisiione tena. Maandazi aliyapokea. Na Jumatatu akambebea bibi mfuko wa viazi kama kawaida, bibi akampa peremende. Bibi hakuwa na Twitter.

Nilikwenda kwake na sahani kwa sababu tulikuwa tukilala ukuta kwa ukuta. Shemeji yako hana wa kumgongea mlango, na hicho ndicho kinachompa ujasiri. Wanasiasa wenyewe walilijua hilo. Jim Murphy, mbunge wa chama cha Labour na mtu wa Hapana, mwaka ule alizunguka miji akihutubia barabarani amesimama juu ya kreti za Irn-Bru, soda yao ile ya rangi ya kutu. Huko Kirkcaldy alipigwa yai, akasimamisha ziara siku kadhaa. Yai likawa habari ya nchi nzima. Na mimi nikafikiri, katika nchi inayoamua kugawanyika au kutogawanyika, silaha iliyotajwa sana ni yai. Nimeishi karibu na nchi ambazo zisingekuwa na bahati hiyo.

Hili la koloni sasa. Mwambie mumeo amuulize mdogo wake: ukitoka Mombasa kwenda Voi, unapita mji gani? Unapita Mackinnon Road. Huyo Mackinnon ni nani? William Mackinnon, Mskoti, mzaliwa wa Campbeltown, mwenye ile kampuni iliyopewa hati mwaka 1888 ya kuja kuishika pwani yenu, na Malindi yenu ikiwemo. Waskoti walikuja Afrika Mashariki wakiwa wamebeba mizani na Biblia, wengine bunduki, na hawakuja kama watawaliwa.

Muungano wao wenyewe ulipitishwa na Bunge la Uskoti lililokaa Edinburgh, kwa kura 110 dhidi ya 67, mwezi Januari 1707, na ukaanza tarehe 1 Mei mwaka huo. Wananchi wa kawaida hawakuulizwa. Walifanya fujo barabarani. Waungwana waliopiga kura walikuwa wamechomwa na mradi wa kwenda kuanzisha koloni lao wenyewe huko Darien, Panama, uliowamaliza watu na fedha, na katika mapatano ya Muungano kulikuwa na fedha za kuwafuta machozi. Kwa hiyo waliingia kwa mlango, wengine wanasema walinunuliwa mlangoni. Baadaye wapo Waskoti wa milimani waliofukuzwa ardhini kupisha kondoo, na waliowafukuza mara nyingi walikuwa mabwana wao wa Kiskoti. Dhuluma ilikuwapo. Lakini ukiiita koloni, utakosa neno la kuiita Kenya ya mwaka 1952.

Na si lazima uwe koloni ndipo utake kujiamulia mambo yako. Hapo wapenda uhuru wa Dundee wana hoja safi kuliko ya shemeji: mara nyingi wamechagua chama kimoja na London ikatawaliwa na kingine, na nyambizi za nyuklia zimewekwa Faslane, mwendo mfupi tu kutoka Glasgow, wapende wasipende.

Utaniuliza nilipiga nini. Nilipiga Hapana, na sababu yangu haikuwa ya kishujaa. Kila mwezi nilimtumia mama pauni mia na ishirini hapa Tanga. Februari 2014 waziri wa fedha, George Osborne, alikuja Edinburgh akasema Uskoti ikijitenga haitashirikishwa pauni. Sikuelewa mengine, lile nililielewa. Wapenda uhuru walituambia mafuta ya Bahari ya Kaskazini yatatosha. Kiangazi kile pipa lilizidi dola 100; Januari 2015 lilikuwa chini ya dola 50, nikajiona mwerevu. Lakini watu wa Hapana nao walituambia kwamba njia ya uhakika ya kubaki Umoja wa Ulaya ni kubaki na London. Tarehe 23 Juni 2016 dola nzima ikaulizwa kama itoke Umoja wa Ulaya; asilimia 62 ya wapiga kura wa Uskoti walisema tubaki, na tukatolewa na kura za wengine. Nikajiona mjinga. Novemba yake nilifunga masanduku.

Ikipigwa tena leo ningechagua nini? Mimi nalala Chumbageni, mwanangu. Hilo niliache kwako na kwa hao wazee wako. Ukiulizwa, sema kama ulivyosema: sijaamua. Hilo ni jibu kamili la mtu mwenye kura.

*

Assalaam alaykum Bi Mwalimu. Kama Waskoti waliruhusiwa kupiga kura mwaka 2014, mbona sasa wananyimwa? Muungano gani huo ambao mmoja akitaka kutoka sharti amwombe mwenzake ruhusa?

— Msomaji wa Michenzani, Unguja

Waalaykum salaam. Naona unauliza Uskoti huku jicho lako liko kwingine. Nitajibu la Uskoti, hilo jingine lina safu zake na lina wenye meno ya kulitafuna.

Bunge la Uskoti lililopo sasa ni la mwaka 1999, lilitokana na kura ya maoni ya Septemba 1997. Sheria iliyoliunda imeorodhesha mambo ambayo halina ruhusa kuyagusa: ulinzi, nchi za nje, na wenyewe Muungano wa falme. Wewe orodha ya namna hiyo unaijua, sisi tunaiita Mambo ya Muungano. Ili kura ya 2014 iwezekane, David Cameron, waziri mkuu wa London, na Alex Salmond, Waziri Kiongozi wa Uskoti, walitia saini Mapatano ya Edinburgh tarehe 15 Oktoba 2012, na London ikaliazima Bunge la Uskoti mamlaka hayo kwa muda. Neno ni kuazima. Kura ikapigwa, muda ukaisha, ungo ukarudi kwa mwenyewe.

Nicola Sturgeon, aliyemrithi Salmond, alipotaka nyingine, akiwa ameshaipangia tarehe 19 Oktoba 2023, shauri lilipelekwa Mahakama ya Juu kabisa London. Majaji watano, tarehe 23 Novemba 2022, wakasema kwa kauli moja: bila idhini ya London, Bunge la Uskoti haliwezi kuitisha kura hiyo, hata ya ushauri tu. London ikiulizwa, inajibu kwamba mwaka 2014 wapenda uhuru wenyewe walisema hiyo ni nafasi ya mara moja katika kizazi. Wapenda uhuru wanajibu kwamba yale yalikuwa maneno ya jukwaani, hayamo katika mapatano, na wakati ule London ilikuwa bado haijaitoa Uskoti katika Umoja wa Ulaya. Hapo ndipo penye ugomvi wote wa mtandaoni: kizazi ni miaka mingapi? Nimeona watu wazima wakitukanana kwa hesabu hiyo.

Nikiwa mwamuzi ningewapa wapenda uhuru nusu ya hoja. Ireland Kaskazini, iliyo katika dola hiyohiyo, ina mlango ulioandikwa kwenye sheria ya 1998: waziri akiona wengi wanaelekea kutaka kuondoka, lazima aitishe kura, na isirudiwe kabla ya miaka saba. Uskoti haina mlango, ina dirisha ambalo ufunguo wake uko kwa jirani. Nusu ya pili naiweka mfukoni, kwa sababu wapiga kura nao wana yao. Uchaguzi wa Julai 2024 uliishusha SNP, chama cha wapenda uhuru, kutoka viti 48 vya mwaka 2019 hadi 9 katika Bunge la London. Na uhuru wenyewe, watu wakiulizwa, bado unachezea karibu na nusu. Yaani watu walikichoka chama, wazo halijaondoka.

Kwa kuwa unapenda historia: Mwalimu Nyerere alikuwa mwanafunzi Chuo Kikuu cha Edinburgh tangu 1949 hadi 1952. Huo ndio wakati Waskoti walipokuwa wakikusanya saini kudai bunge lao, na Krismasi ya 1950 wanafunzi wanne wa Glasgow waliingia usiku Westminster Abbey wakaliiba lile Jiwe la Majaaliwa, jiwe ambalo wafalme wa Uskoti walitawazwa juu yake na ambalo Waingereza walilichukua mwaka 1296. Wakati wa kulitoa likawakatikia vipande viwili. Miaka kumi na nne baadaye Mwalimu alikuwa akitia saini muungano wake. Hilo nimekupa bure, usinitungie maana yake.

*

Bi Mwalimu, toleo lililopita uliandika “Waingereza wa Glasgow”. Mke wangu ni Mskoti wa Aberdeen, nami humtafsiria safu yako. Alipofika hapo akakasirika, akasema, “Huyo Mkenya wenu miaka yote hiyo hakujifunza kitu?” Naomba usahihishe, nipate kula.

— Mume wa Mskoti, Aberdeen

Nimekosa, na kosa ni langu mimi niliyewahi kukosolewa kwa hilihili kwenye basi namba 38. Nilimwambia dereva “ninyi Waingereza”, akanieleza habari hiyo tangu kituo hadi kituo, abiria wote wakimuunga mkono, Ndiyo na Hapana kwa pamoja. Ndilo jambo pekee mwaka ule walilokubaliana.

Lakini nijitetee kidogo. Kiswahili kinanitega. Neno letu Uingereza tumelivisha dola nzima na tumelivisha England, kanzu moja kwa watu wawili, mmoja inambana. Mtangazaji akisema “Uingereza imeshinda”, hujui ni timu ya England au ni jeshi la mfalme. Ndiyo maana tunasema “Waingereza walitutawala” na Waskoti wanapita katikati ya sentensi bila kuonekana. Wakikuyu walikuwa makini kuliko sisi: wamisionari wa Kanisa la Uskoti walipoweka kituo kule Kikuyu, mahali penyewe pakaitwa Thogoto, yaani Scotland kwa ulimi wa pale, na ndivyo panavyoitwa hadi sasa.

Nimesahihisha: Waskoti wa Glasgow. Naye mwambie mimi si Mkenya, ni Mtanzania, wa Tanga. Akilisahihisha hilo kwa sauti, mpe na yeye chakula.